Asiye na Mjomba Kariakoo

Kila msimu wa mahafali maneno ni yaleyale majukwaani: vijana, msisubiri kuajiriwa, jiajirini. Mgeni rasmi huyasema, wazazi hupiga makofi, na wahitimu waliovaa majoho ya kuazima huitikia kwa adabu. Usemi huo si uongo, ila una upungufu mkubwa. Unamtaka kijana afanye jambo ambalo kwa miaka mitatu au minne hakuna aliyemwonyesha linavyofanywa, tena aanze siku ileile anaporudisha ufunguo wa bweni na kupoteza kwa mpigo mmoja maktaba, maabara, mwalimu na anwani. Hoja ya makala haya ni kwamba chuo kinachosema "jiajirini" kina wajibu wa kumshika mkono mhitimu huyo kwa muda maalumu, na kwamba mahali pa kumshikia mkono ni kituo atamizi, yaani kituo cha kulea biashara changa, kilichomo ndani ya chuo chenyewe, mradi kiendeshwe kwa masharti ambayo wengi wetu hatupendi kuyasikia.

Tuanze na pingamizi linalotajwa mno, kwa kuwa jibu limo ndani yake. Husemwa kwamba matajiri wetu wakubwa hawakuatamiwa na mtu. Said Salim Bakhresa aliacha shule akiwa kijana mdogo, akaanza na biashara ndogo ya chakula, na leo nembo ya Azam imo kwenye unga, juisi, boti na televisheni. Ni kweli, na sifa zake anazistahili. Lakini aliyevuka mmoja hafanyi kanuni, na waliozama njiani hawaandikwi magazetini. Zaidi ya hayo, tukitazama vizuri jinsi biashara inavyorithishwa katika miji yetu, tutaona kuwa wengi wa waliovuka walilelewa. Kijana anayetoka Pemba au Kilimanjaro akaja dukani kwa mjomba wake Kariakoo, Dar es Salaam, halipwi mshahara wa maana kwa miaka miwili mitatu. Analala stoo, anafagia, anapokea mzigo, anahesabu. Hapo ndipo anapojua nani hulipa na nani hukwepa, bidhaa gani hutoka mwezi wa Ramadhani na ipi hudoda, na namna ya kuzungumza na mtu wa mapato bila kutetemeka. Siku anapofungua kibanda chake hana mtaji, lakini mjomba humpa mali kauli: chukua katoni hizi, uza, fedha yangu Ijumaa. Na wauza jumla wa mtaa wa pili nao humpa, kwa sababu anajulikana ni wa nani. Basi huyo hakuanza peke yake hata kidogo. Alikopeshwa ujuzi, muda, bidhaa na, kilicho ghali kuliko vyote, jina. Sasa mfikirie mtoto wa mkulima wa Kondoa au Masasi, aliyesoma sayansi ya chakula kwa mkopo wa serikali. Ana shahada, hana mjomba Kariakoo. Mjini hapa, ukoo pekee alio nao ni chuo.

Tuchukue bidhaa moja tuitazame kwa karibu: unga wa lishe. Ni biashara inayomjia haraka akilini mhitimu wa masomo ya chakula. Mahindi, soya, karanga na pengine ulezi, vikaangwe, visagwe, vitiwe katika mifuko ya kilo moja. Mashine ya kusaga iko mtaani, na mtaji wa kuanzia haufikii bei ya bodaboda. Kinachomwangusha hakionekani kwa macho. Mahindi na karanga vikihifadhiwa na unyevu huota kuvu, na kuvu huzaa sumukuvu, ambayo kukaanga na kupika hakuimalizi. Mwaka 2016 ilipozuka katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu wapatao 20 walikufa. Viwango vya Afrika Mashariki vinataka mahindi yawe na unyevu usiozidi asilimia 13.5, na sumukuvu zote kwa jumla zisizidi sehemu 10 katika kila sehemu bilioni moja. Sehemu kumi katika bilioni! Hakuna ulimi wa bibi wala jicho la mama ntilie linaloweza kupima kiasi hicho. Hupimwa kwa kifaa, kwa kemikali za kununua, na kwa mtu aliyesomea. Kijana hawezi kununua kifaa hicho, wala hana haja ya kukinunua, kwa maana kipo chuoni. Alikigusa mara moja au mbili kwenye mafunzo kwa vitendo, akapata alama zake, akahitimu, na mlango ukafungwa nyuma yake.

Kituo atamizi kinachoijua kazi yake huanzia kwenye mlango huo. Humruhusu kijana kurudi na magunia yake, kupima shehena ya kwanza, kuikataa, kupima ya pili, mpaka ajue ni kwa mkulima gani na kwa kuanika namna gani atapata karanga zisizomuua mtoto wa mteja wake. Kisha humpeleka hatua kwa hatua penye makaratasi: usajili wa jina, namba ya mlipakodi, barua ya SIDO, shirika ambalo tangu mwaka 1973 limewekwa kwa ajili ya viwanda vidogo, na alama ya ubora ya TBS, shirika la viwango ambalo tangu mwaka 2019 linasimamia pia usalama wa chakula uliokuwa chini ya TFDA, mamlaka ya chakula na dawa. Halafu barkodi, maana supamaketi haipokei mfuko usiosomeka kwenye mashine yake. Na mwisho, jambo ambalo wasomi hulidharau, hesabu ya bei. Unauza kilo kwa kiasi gani? Je, umehesabu mkaa, nauli, mifuko iliyochanika, unga uliorudishwa na duka? Je, umejihesabia mshahara wako, au unafanya kazi bure na kuita faida kile ambacho ni jasho lako tu? Maswali hayo mjomba angeyauliza kwa ukali bila kuombwa. Chuo lazima kiajiri mtu wa kuyauliza, na mtu huyo awe amewahi kuuza kitu maishani mwake.

Hapa kuna pingamizi zito zaidi, nalo halitoki kwa wabishi wa barazani bali kwa watafiti. Mjerumani Michael Schwartz alizifuatilia kampuni 371 zilizokuwa katika vituo atamizi vitano nchini Ujerumani, akazilinganisha na kampuni nyingine 371 zinazofanana nazo ambazo hazikupita kituoni. Katika muda wa miaka kumi hakuona kwamba zilizoatamiwa ziliishi zaidi ya zile nyingine. Matokeo hayo, aliyoyachapisha mwaka 2013, yanapaswa kuwauma wote wanaodhani jengo jipya lenye kiyoyozi na meza za rangi ni maendeleo. Lakini tusiishie hapo. Nchini Chile, mpango wa serikali uitwao Start-Up Chile, ulioanza mwaka 2010, uliipa kila kampuni changa iliyochaguliwa dola 40,000 pamoja na mahali pa kufanyia kazi. Watafiti Juanita Gonzalez-Uribe na Michael Leatherbee walipouchunguza, hawakuona ushahidi kwamba fedha na meza peke yake vilizikuza kampuni hizo. Waliosogea mbele kwa kuonekana ni kundi dogo lililochaguliwa kuongezewa mafunzo ya karibu na kuwajibika mara kwa mara mbele ya walezi: ulisema utafanya nini, umefanya nini, kwa nini hukufanya. Mpango ule haukuwa wa chuo, lakini funzo lake linavihusu vyuo kuliko taasisi nyingine yoyote, kwa sababu kusomesha na kuhoji ndiyo kazi iliyoviweka duniani. Chuo kikigawa vyumba na ruzuku kinafanya kazi ambayo mwenye nyumba na benki wanaiweza vizuri zaidi.

Kwamba chuo kinaweza kufanya kazi hii bila fedha nyingi, ushahidi upo tangu kabla ya Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1937 ndugu wawili, Russell Varian aliyesomea fizikia na Sigurd Varian aliyekuwa rubani, walikwenda Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani na wazo la chombo ambacho kingesaidia kuiona ndege gizani na mawinguni. Chuo hakikuwapa mishahara. Kiliwapa ruhusa ya kutumia maabara, nafasi ya kufanya kazi na mwanafizikia William Hansen, na dola 100 za vifaa, kwa mkataba kwamba mapato yakipatikana, nusu iwe ya chuo. Chombo kilichotoka hapo, klistroni, kilitumika katika rada za vita, na dola zile 100 zilikirudishia chuo zaidi ya milioni 2. Msomaji atasema Stanford ni Stanford. Naam, lakini mwaka 1937 haikuwa hiyo tunayoisikia leo, na kilichotolewa hakikuwa utajiri. Kilikuwa chumba, mwalimu, vifaa vichache na karatasi yenye masharti yaliyo wazi. Je, ni chuo gani chetu ambacho hakina hivyo vitatu vya kwanza? Kinachokosekana mara nyingi ni ile karatasi. Mwanafunzi hajui kama kitu alichokitengeneza ni chake, cha msimamizi wake au cha chuo, na kwa kuogopa kunyang'anywa hukificha, au hukipeleka kwenye mashindano akapigwa picha na hundi kubwa ya maboksi.

Wapo walimu wanaosikitika kwa dhati wakisema kuwa chuo ni mahali pa elimu, na biashara ikiingia, elimu itatoka. Hofu hiyo isidharauliwe. Maabara inaweza kugeuzwa kiwanda cha mkubwa fulani, na mwanafunzi akawa kibarua wake. Dawa yake ni kanuni na ukaguzi. Kufunga mlango si dawa. Tena walimu hao wakumbuke jinsi vyuo vyetu vyenyewe vilivyokuja duniani. Chuo cha Dar es Salaam kilifunguliwa Oktoba 1961 katika jengo la chama cha TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wa sheria wasiofika 15, na shahada zake zikitolewa kwa jina la Chuo Kikuu cha London. Kuanzia mwaka 1963 kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, pamoja na Makerere na Nairobi, na mwaka 1970 ndipo kila kimoja kikasimama kwa miguu yake. Kwa miaka tisa chuo hicho kiliishi kwa jengo la kuazima, kisha kwa jina la kuazima, na hakuna aliyesema kimedekezwa. Jina lile liliwafanya waajiri waamini cheti cha chuo kisichojulikana. Ndivyo barua ya chuo inavyoweza leo kumfanya meneja wa supamaketi auangalie mfuko wa unga usiojulikana.

Wala hatuanzi sifuri. Mwaka 2011 ulikuwa na baraka zake: Kituo cha Chandaria kilizinduliwa Chuo Kikuu cha Kenyatta, Strathmore ya Nairobi ikaanzisha iLabAfrica, wahitimu wa Sokoine kule Morogoro wakaunda ushirika wao wa SUGECO, na wanafunzi wa Makerere wakaliendesha hadharani gari lao la umeme, Kiira EV, ambalo baadaye lilizaa kampuni ya Kiira Motors. Zaidi ya miaka kumi imepita, na sasa tuna haki ya kuuliza maswali ya watu wazima. Kituo kisituambie vijana wangapi wamehudhuria semina. Kituambie kampuni ngapi zilizotoka kwake zingali hai baada ya miaka mitano, zinalipa mishahara ya watu wangapi, na ngapi zimekufa na kwa nini. Orodha ya waliokufa ina faida kuliko picha za washindi, maana wajao nyuma hujifunza hapo. Mkataba wa kila kijana uandikwe tarehe ya kutoka siku ileile anapoingia, miaka miwili au mitatu, na tarehe hiyo iheshimiwe. Mjomba mwenye busara hamwachi mpwa wake azeekee stoo. Tumeanza kuwa na kizazi cha wabunifu wa makongamano, wanaotoka shindano hili kwenda lile wakiishi kwa ruzuku bila kumwona mteja, na kosa si lao peke yao. Wafadhili wanapenda hotuba fupi yenye picha, basi vijana wamejifunza kuhutubia. Na mabaraza ya vyuo yasijidanganye kwamba mhadhiri atatoa jioni zake kulea kampuni changa ilhali cheo chake kinapimwa kwa makala alizochapisha tu. Kampuni aliyoilea ikasimama nayo ihesabiwe anapopandishwa.

Atauliza mhasibu wa chuo: fedha zitoke wapi? Kwa kuanzia hazihitajiki nyingi, kwa kuwa vilivyopo havitumiki. Mahindi na karanga za mikoa mingi ya kati na kusini huvunwa, kuanikwa na kuuzwa kati ya Mei na Agosti. Huo ndio wakati mwenye biashara ya unga anapaswa kupima na kununua mzigo wa mwaka mzima, kabla bei haijapanda. Ndio pia wakati ambapo likizo ndefu huanza, mafundi sanifu wa maabara wapo kazini, mishahara yao inalipwa, na vifaa vimefunikwa vitambaa hadi Oktoba au Novemba. Kila baraza la chuo likiamua katika kikao kijacho kwamba maabara za chakula, kemia na uhandisi ziwe wazi kwa wahitimu waliosajiliwa kituoni katika miezi hiyo minne, kwa ada ya kulipia kemikali na umeme tu, msimu ujao wa mavuno utawakuta na pa kupimia.