Acheni Kumwita Mkulima Mvivu

Mtaje mkulima wa Makueni, nchini Kenya, aliyepanda bila mbolea ya ruzuku, na hutakosa wa kukujibu: “Serikali imeshatoa. Asiyepata ni mvivu wa kutafuta.” Kisha hufuata methali: mtaka cha mvunguni sharti ainame. Husema hivyo viongozi majukwaani, husema hivyo hata wakulima waliobahatika. Ni uongo mtupu.

Tuanze na hiyo mbolea. Bei ilishuka kweli: mwaka 2022 gunia la kilo 50 lilitoka shilingi 6,500 hadi 3,500, na mwaka uliofuata likafika 2,500. Lakini ili ulipate, sharti uandikishwe kupitia kwa chifu na wasaidizi wake, namba yako ya simu iwe sahihi, ujumbe ukufikie, halafu ufunge safari hadi ghala la Bodi ya Taifa ya Nafaka na Mazao au kituo kingine kilichoteuliwa. Chukua mjane wa ekari moja aliyeandikishwa kwa namba ya mwanawe aliye Nairobi, kwa kuwa simu yake mwenyewe ilikuwa mbovu siku hiyo. Ujumbe hauoni, na mvua haimsubiri. Akienda ghalani bila ujumbe, anarudi mikono mitupu. Akienda nao, huenda akaambiwa ya kupandia imekwisha, imebaki ya kukuzia. Nauli ameshalipa. Huyu ndiye mvivu?

Na mbolea walau hutangazwa redioni. Msaada wa kuhifadhi udongo na maji hauna hata mpiga mbiu. Katiba ya 2010 ilikabidhi kaunti kilimo, pamoja na kutekeleza sera za kitaifa za kuhifadhi udongo, maji na misitu. Basi mtu anayetaka kuziba korongo linalomega shamba lake amwone nani? Afisa wa kilimo wa wadi ni wa kaunti, chifu ni wa serikali kuu. Mambo ya misitu yana Huduma ya Misitu ya Kenya, mto una chama chake cha watumiaji maji, na fedha za mabadiliko ya tabianchi zina kamati ya wadi ambayo jirani zake wengi hawajawahi kuisikia. Huenda asipate ofisi hata moja ya kumweleza kilichomo katika ofisi nyingine.

Hali haikuwa hivi siku zote. Mwaka 1974 serikali, ikisaidiwa na Uswidi, ilianzisha mpango wa kitaifa wa kuhifadhi udongo. Afisa alikuja shambani na kamba na pima maji, akaupima mteremko mwenye shamba akiona, na vikundi vya mwethya, yaani vya kusaidiana kazi, vikachimba matuta ya fanya juu. Machakos, ambako matuta ya kulazimishwa na wakoloni yalichukiwa, watu wakachimba ya kwao kwa hiari. Wakulima wale hawakuwashinda wa leo kwa bidii. Wao walifuatwa walipo. Miaka ya 1990 ajira za maafisa zikabanwa, na sera ya ugani ya 2001 ikataka huduma ifuate maombi ya mkulima. Kwa vitendo ikawa asiyeuliza hapewi.

Nitaambiwa wapo wanaoiuza mbolea ya ruzuku, na wapo wasiokanyaga baraza. Wapo, sikatai. Lakini huwezi kusema mtu amepuuza msaada ambao hakuna aliyemwambia kuwa upo. Ainame, sawa, kwanza aonyeshwe kitanda.

Kumwonyesha si ghali. Kila ofisi ya chifu na ya wadi ibandike orodha moja, kwa Kiswahili na kwa lugha ya hapo: kuna msaada gani, nani anastahili, mwisho lini, aonwe nani. Majina ya walioandikishwa yasomwe barazani kabla ya mvua, ili aliyeachwa ajitokeze mapema. Afisa wa wadi apewe pikipiki na mafuta, kisha apimwe kwa mashamba aliyofika, si kwa warsha alizohudhuria hotelini. Na wananchi wanapoitwa kutoa maoni kuhusu bajeti ya kaunti, swali lao la kwanza liwe: fedha za mafuta hayo ziko ukurasa gani? Kaunti isiyoweza kulijibu haina haki ya kumwita mtu yeyote mvivu.