Risala ya Madereva wa Malori wa Nguvumali kuhusu Mtihani wa Tabia katika Ajira

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Tanga,
Ndugu Afisa Kazi,
Ndugu Meneja wa LATRA Mkoa,
Waheshimiwa viongozi wa kata na mitaa,

Sisi ni madereva wa malori, wakazi wa Nguvumali. Kazi yetu mnaijua. Tunabeba saruji ya Pongwe na makontena ya Bandari ya Tanga. Wengine huvuka Horohoro kwenda Mombasa, wengine hukata kona Segera wakaenda hadi Tunduma na Rusumo. Tumekuja kwa jambo ambalo tumelivumilia muda mrefu, nalo ni mtihani wa tabia ambao baadhi ya wasafirishaji wanautumia kuchagua madereva.

1. Dereva anafika kwenye usaili na leseni ya daraja E, cheti cha chuo na barua ya mwajiri wa zamani. Kabla hakijatazamwa chochote, anapewa simu yenye sentensi nyingi achague: anakubali sana, anakubali, hana hakika, hakubali. Anapenda kuwa kwenye mkusanyiko wa watu? Hukasirika upesi? Baadaye anapata ujumbe mfupi kwamba hakufaa. Hakuna aliyemwona akirudisha tela nyuma getini, akigonga matairi alfajiri, au akisikiliza kama bomba la upepo wa breki linavuja. Hakuna aliyemuuliza anashukaje Sekenke na mzigo kamili, anaingiza gia gani na anaiingiza kabla ya mteremko au baada. Mzee wetu mmoja, aliyetufundisha kazi wengi tulipokuwa matingo, amerudishwa nyumbani kwa namna hiyo. Alijibu kwamba hupenda kukaa peke yake, na mpaka leo hajui kama ndilo lililomponza. Mtu anayeshinda siku kadhaa kwenye kichwa cha lori bila wa kuzungumza naye, kupenda upweke kumekuwa kosa lini?

Hatukatai kupimwa. Tupimwe macho, tupimwe pombe, tuulizwe rekodi ya ajali, maana barabarani tunapishana na mabasi yaliyojaa watoto wa watu. Lakini kipimwe kilicho cha kazi. Zaidi ya miaka 100 iliyopita, Profesa Hugo Münsterberg wa Chuo Kikuu cha Harvard alipotaka kuwajua madereva wazuri wa tramu, aliwawekea kadi zilizochorwa reli na alama za mtembea kwa miguu, farasi na gari, wataje upesi ni zipi zitaingia njiani. Alipima jicho na akili ya kazi ile. Na wenye mtihani wa hulka wa Myers-Briggs, unaojulikana dunia nzima, wenyewe wanasema usitumike kuchagua wa kuajiriwa. Sheria ya Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) ya 2019 imeipa Mamlaka hiyo jukumu la kuwathibitisha madereva wa vyombo vya kibiashara. Tunaomba uthibitisho huo na jaribio la barabarani ndivyo viwe msingi wa ajira, na mtihani wa tabia usimwondoe mtu kabla hajashika usukani.

2. Mitihani mingi imeandikwa kwa Kiingereza. Dereva anabahatisha, halafu anaitwa si mkweli kwa sababu majibu yake yanapingana. Tunaomba iwe kwa Kiswahili.

3. Tunaulizwa usingizi wetu, huzuni zetu na ugomvi wa nyumbani. Hayo ni ya daktari. Mwaka 2005 mahakama ya rufaa ya Chicago, Marekani, iliamua kwamba mtihani wa aina hiyo, uliotungwa kwa ajili ya kutambua maradhi ya akili, ni kipimo cha kitabibu, na kampuni iliyowapa kipimo hicho wafanyakazi waliotaka kupandishwa vyeo ilivunja sheria. Nasi tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Tunaomba kila msailiwa aelezwe majibu yake yanakwenda wapi, aonyeshwe matokeo, na asikataliwe na mashine pekee bila mtu wa kumsikiliza.

4. Wapo wanaotozwa pesa za mtihani. Tunaomba marufuku, anayetaka kupima alipe mwenyewe.

5. Wasafirishaji wanasema wanatafuta dereva mtulivu. Waheshimiwa, dereva huyo akishaajiriwa hupangiwa safari isiyo na nafasi ya kulala, hukaa foleni mpakani posho ikaisha, na bosi anapiga simu kila saa kuuliza amefika wapi. Utulivu gani unabaki hapo? Akipata ajali, inaandikwa kuwa ni tabia yake. Hili ndilo linalotuuma kuliko yote. Wengi wetu hatuna hata karatasi ya mkataba, ingawa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri atoe maelezo ya ajira kwa maandishi. Tunaomba Ofisi ya Kazi ikague mikataba, saa za kazi na posho za wasafirishaji wa mkoa huu.

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa, uwezo wa kutuweka meza moja na wasafirishaji unao. Tunakuomba uitishe kikao hicho, Afisa Kazi na LATRA wakiwepo, nasi tutaleta wawakilishi wetu siku yoyote utakayopanga.

Tunaomba kuwasilisha.

Ni sisi,
Madereva wa malori, Nguvumali, Tanga