Mambo ya Nyumbani: Msingi wa Tangi la Maji

Katika nyumba nyingi za Manundu siku hizi twaona tangi jeusi la plastiki, lile liitwalo simtanki, limewekwa kando ya nyumba lipokee maji ya bati wakati wa masika na vuli. Ni jambo jema. Lakini mtu hutafuta fedha miezi mingi apate kununua tangi, kisha hulikalisha kwa siku moja tu juu ya mawe manne na vipande vya mbao. Hapo ndipo tuna neno.

Basi na tuhesabu. Lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1. Tangi la lita 1000 likijaa ni sawa na mifuko 20 ya saruji ya kilo 50. La lita 5000, mifuko 100. Tena uzito huo waweza kuja kwa ghafula. Mvua ya milimita 20 juu ya paa la mita za mraba 50 yaleta lita 1000, ijapokuwa kidogo hupotea njiani. (Waalimu wawape watoto hesabu hii, kila mtoto na paa la kwao.) Alasiri watu wawili waliweza kulibeba tangi, usiku limekuwa tani nzima.

Tangi likiinama kidogo, maji huzidi upande wa chini, na uzito huongezeka pale pale ardhi ilipokwisha kulegea, nayo huzidi kudidimia. Hatari hii ni kubwa zaidi penye udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao huvimba kwa mvua na kupasuka kwa kiangazi, na penye udongo uliojazwa juzi. Wafugao samaki katika tangi la kioo wana nafuu, maana huona kwa macho kama maji hayalingani na ukingo. Tangi letu jeusi halionyeshi kitu.

Kwa hiyo chimbeni mpaka udongo mgumu, mshindilie, mpange mawe, ndipo mmwage zege pana kuliko kitako cha tangi, na kulimwagilia siku 7. Kabla halijakauka, lazeni ubao ulionyoka juu yake pamoja na pima maji, kwa urefu na kwa upana. Asiye na pima maji atumie mpira mwembamba uonyeshao maji ndani: maji ya ncha mbili hulingana sikuzote, ila pasiwe na mapovu ndani yake. Kitako chote kiguse zege. Mbao zilizoachana huacha plastiki ining'inie katikati hata ipasuke, na mchwa hawalali. Fagieni kokoto.

Kama maji ni ya kuteka kwa ndoo, msingi uinuke kiasi cha ndoo kuingia chini ya bomba, basi. Minara ya miti, ambayo watoto hucheza chini yake, sisi hatuikubali hata kidogo. Atakaye maji yapande mabombani ajengewe na fundi nguzo za zege na nondo.

Tangi jipya lijazwe robo, likapimwe. Kisha nusu, lilale usiku, likapimwe tena. Likionekana kuinama, fungulieni maji yatoke yote kwanza. Msithubutu kuliinua kwa mtaimbo likiwa na maji. Na maji ya kufurika yapelekwe mbali kwa bomba, yasiloweshe udongo wa msingi.