MAFUTA YA MSINDANO NA KARAFUU YETU



Mwezi wa Agosti nilikwenda Dodoma kutazama maonyesho ya Nanenane katika viwanja vya Nzuguni. Nchi ile ni kavu, ni nchi ya mibuyu na migunga, na wakati wa kiangazi upepo hupeperusha vumbi hata likaingia makabatini. Tena tangu Serikali ilipoanza kuhamia huko mwaka 2016 wamejaa watu wa pwani, waliozoea chetezo na udi. Basi sikustaajabu kuona watu wanatafuta kitu cha kunukiza nyumba.

Nilichostaajabia ni kile walichouziwa. Katika duka moja la mjini nilionyeshwa kichupa kidogo cha mafuta ya msindano kutoka ng'ambo. Misindano tunayo sisi wenyewe kule Sao Hill, Mufindi, walakini ile hukatwa mbao. Kijana wa dukani akaniambia, "Shehe, tia matone matatu katika maji ya moto. Kifua kitafunguka, usingizi utakuja, na wasiwasi wote utaondoka." Nikamwuliza, "Na mafuta ya karafuu unayo?" Akacheka, akasema, "Karafuu ni ya pilau, shehe."

Neno lile lilinichoma. Nilinunua kichupa, na usiku ule chumba kilinukia vizuri nami nikalala fofofo. Lakini nilikuwa nimechoka kwa safari, basi sijui nimshukuru msindano au miguu yangu.

Kwa maoni yangu, tunalo la kujifunza kwa mfanyabiashara yule, na tunalo la kumwachia mwenyewe.

La kujifunza ni hili: yeye anauza harufu, tena kwa matone. Sisi tunacho Kiwanda cha Makonyo, Wawi, kinachotoa mafuta kwa mvuke. Wazee wetu walitia karafuu katika singo na katika mafukizo kabla hatujazaliwa. Inafaa chama chetu kizungumze na Shirika la ZSTC juu ya vichupa vidogo, vyenye kifuniko cha kudondoshea na maandishi ya Kiswahili, vifike Dodoma na kwingineko bara.

La kumwachia ni ahadi zake. Harufu nzuri huburudisha moyo, na hilo si dogo kwa mtu aliyetoka kazini. Lakini haiponyi pumu wala kifua kikuu. Na mwenye pumu huenda akazidiwa kwa mvuke wa mafuta makali, yawe ya msindano au ya karafuu. Yetu yana sifa yake ya kweli: yujenoli iliyomo hutia ganzi, na waganga wa meno huitumia. Sifa hiyo yatosha, haina haja ya kuongezwa chumvi.

Nasema haya kwa sababu yamenifika nyumbani. Mtoto wa dada yangu, wa miaka miwili, alikunywa mafuta ya karafuu yaliyowekwa katika chupa ya soda chini ya kitanda. Tulimkimbiza hospitali, akalazwa siku tatu. Alhamdulillahi, amepona. Aliyeyaweka pale ni mimi, Katibu wenu, ninayejua bei ya kila kilo ya karafuu na sikujua kuwa mafuta yake yaweza kuharibu ini la mtoto.

Kwa hiyo nawaomba kila mmoja afanye haya. Mafuta yakae katika chupa yake yenye jina, juu, chini ya kufuli. Unapofukiza, matone machache katika bakuli la maji ya moto yatosha, dirisha likiwa wazi na mtoto akiwa mbali. Usiyapake mwilini bila ya kuyachanganya na mafuta ya nazi, tena kidogo, na mtoto mchanga usimpake kabisa. Mtu akiyanywa, usimtapishe. Mpeleke hospitali mara moja pamoja na chupa.

Na siku vichupa vyetu vitakapokwenda bara, onyo hili liandikwe juu yake kwa herufi za kusomeka. Mwenye duka wa Dodoma ataona tunajiharibia soko. Mimi naona mnunuzi aliyeambiwa kweli hurudi, na jina la karafuu ya Unguja na Pemba halikujengwa kwa kichupa kimoja.

Wabillahi tawfiq.

Katibu wa Chama