Usichanganye ngoma saa saba za usiku

Penzi langu sasa hivi liko shwari, ila kuna kipindi liliyumba kwa sababu ya ngoma. Si ngoma hiyo unayoiwaza wewe! Nasema dramu, hizi za kupigwa kwa fimbo.

Iko hivi. Mwaka 2008 Baba Neema alinunua mashine ya kurekodia muziki nyumbani, ya dijitali, ya treki nane. Kwa asiyejua, treki ni kama njia ya peke yake kwa kila sauti. Unarekodi ya kwanza, unaisikiliza kwenye hedifoni huku unarekodi ya pili, na ya kwanza haifutiki. Ukimaliza unaamua nani apande na nani ashuke. Kachombo kenyewe kanakaa juu ya meza ya kulia chakula, na kweli kalikaa hapo. Sisi tukawa tunakula mkekani.

Mwaka huohuo baba mkwe akaja Dar kuangaliwa moyo. Mzee alipiga dramu kwenye bendi za dansi miaka ya sabini kule Morogoro, mji wa Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz. Mwanawe akaazima dramu za kwaya, Jumapili mchana tukamkalisha mzee sebuleni. Wee acha tu! Yule mtu aliyekuwa hapandi ngazi bila kupumzika, alivyoshika zile fimbo, miaka thelathini ikamtoka mwilini.

Mashine ilikuwa na matundu mawili tu ya maiki. Moja tukaiweka mbele ya lile dramu kubwa la mguu, ikaingia treki ya 1. Ya pili tukaining'iniza juu ya kichwa cha mzee ikamate snea na matoazi, treki ya 2. Kesho yake mzee akapiga tumba, treki ya 3. Kayamba nikatikisa mimi mwenyewe, treki ya 4. Katikati ya wimbo Neema akaja kunivuta kanga anataka uji, nikapotea kidogo. Nikasema turudie. Mzee akacheka: "Acha hivyohivyo, mama, ndiyo nyumba ilivyo."

Besi ikachukua ya 5, gitaa ya 6, sauti ya kuimba ya 7. Ikabaki moja, na Baba Neema anataka kiitikio cha watu watatu. Hapo ndipo watu wa mashine hizi hubaunsi: unachukua treki kadhaa, unazimiksi, unazimwaga kwenye treki moja, kisha unafuta zile za mwanzo upate nafasi. Si dhambi. Beatles walirekodi albamu yao ya Sgt. Pepper ya mwaka 1967 kwa mashine za treki nne, na walifanya hivyohivyo. Tatizo ni kwamba zikishachanganywa zimechanganyika. Ni kama chumvi ndani ya mchuzi.

Ilikuwa saa 7 usiku. Mimi nimelala peke yangu wiki ya pili, nimenuna. Nikatoka sebuleni nikamwambia: "Baba Neema, umeoa mimi au umeoa hiyo mashine? Maliza uje ulale!" Akamaliza. Ngoma zote nne akazimwaga kwenye treki ya 8, akafuta za mwanzo, akaja kulala. Mimi nikajiona mshindi.

Mzee alifariki miezi minne baadaye.

Siku ya arobaini, ndugu wamejaa sebuleni Morogoro, tukaupiga ule wimbo kwenye redio. Kikasikika kayamba. Kayamba changu, chakacha chakacha, kimewafunika wote. Mama mkwe akainamisha sikio, akauliza taratibu: "Mbona mzee simsikii vizuri?"

Msomaji wangu, nilitamani ardhi ipasuke.

Nyumbani hakukukalika. Baba Neema akajaribu kupunguza zile sauti nyembamba ili kayamba kishuke, lakini zikishuka zinashuka na matoazi ya mzee na ukali wa snea, maana wote wanakaa juu kulekule. Likabaki dramu la mguu peke yake, linadunda kama mtu anayegonga mlango asifunguliwe. Yeye akasema mimi ndiye niliyemharakisha. Mimi nikasema yeye ndiye aliyebonyeza. Wiki tatu tuliongea habari za sukari na nauli tu.

Aliyevunja ukimya ni yeye. Alisema: "Ningeweza kutengeneza kopi kwanza. Nilikuwa nimechoka, nikaona aibu kukwambia naomba dakika kumi." Na mimi nikakubali kwamba sikuwa na shida na mashine. Nilikuwa na upweke, na nikauita kelele.

Tukapiga hesabu. Kwa ubora wa CD, dakika moja ya treki moja hula kama megabaiti 5. Wimbo wa dakika 4 wenye treki zote nane ni kama megabaiti 170. Kadi yetu ilikuwa ya gigabaiti 1, na ndani yake mlikuwa na wimbo huo mmoja. Nafasi ya kopi ilikuwepo tele!

Kwa hiyo wewe mwenye mshikaji wa namna hii ndani, au wewe mwenyewe ndiye huyo, sikia ya kwangu. Dramu la mguu na snea, kila mmoja apewe treki yake kama mashine inaruhusu, maana hao ndio wanaobeba wimbo. Kayamba na tumba wanaweza kulala pamoja. Kabla ya kubaunsi, nakili wimbo mzima. Usimiksi usiku wa manane kwa hedifoni. Masikio yaliyochoka yanadanganywa. Sikiliza tena asubuhi, kwenye spika, ukiwa umeshakunywa chai. Na ugomvi nao ni vivyohivyo: la mashine liwe la mashine, la upweke liwe la upweke. Mimi nilivimwaga vyote kwenye treki moja.

Wimbo bado tunao. Unaenda mapigo 90 kwa dakika, na pale katikati, Neema aliponivuta kanga, kayamba kinanyamaza baa nne. Ni kama sekunde 11 tu. Hapo mzee anasikika peke yake, snea, matoazi na vyote, safi kabisa. Mama mkwe anapajua. Kila akija hutuambia tusogeze mpaka pale, halafu turudishe, halafu turudishe tena.

Tukutane mwezi ujao.