Mrabaha si Ujira: Mwalimu wa Kiswahili Mbele ya Fomu ya Malipo

Kuna mazungumzo yanayosikika kila wakutanapo walimu wa Kiswahili wa nchi hizi zetu za jirani, yaani Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo, nayo husemwa kwa sauti ya chini kana kwamba ni jambo la aibu. Mwalimu amerekodi masomo yake akayaweka katika jukwaa la mtandaoni; au ametunga kitabu cha mazoezi kinachouzwa na Amazon; au anamfundisha mwanafunzi aliyeko Chicago kwa njia ya video. Kazi imefanyika, wanafunzi wamepatikana, na fedha imeonekana katika akaunti. Kisha jukwaa linamtaka aandike njia ya kulipwa na taarifa zake za kodi. Hapo mwalimu yule, ambaye siku zote huwasahihisha wengine, hufunga kompyuta na kwenda kumtafuta kijana wa mjini amjazie.

Makala haya yanaipinga desturi hiyo, na yanaipinga zaidi fikira inayoizaa, nayo ni kwamba fomu ya kodi ni shughuli ya wahasibu isiyomhusu mtaalamu wa lugha. Nasema kinyume chake. Fomu ile ni mtihani wa msamiati, nasi tunashindwa mtihani huo kwa sababu ya msamiati.

Tulitazame neno malipo, ambalo limekuwa gunia la kutilia kila kitu. Mshahara ni malipo, ada ni malipo, fidia ni malipo, hata dhambi ina malipo yake. Katika mazungumzo ya kawaida hakuna ubaya. Lakini jukwaa linapouliza aina ya mapato halitosheki na gunia. Sheria ya kodi ya Marekani, ambayo ndiyo inayoyaongoza mengi ya majukwaa haya kwa kuwa makampuni yenyewe ni ya huko, inatenga kabisa ujira na mrabaha. Ujira ni fedha apewayo mtu kwa kazi aliyoifanya kwa nafsi yake, na chimbuko lake huhesabiwa kuwa ni mahali kazi ilipofanyiwa. Mwalimu aliyeketi Mbarara akamfundisha Mmarekani kwa saa moja amefanya kazi Mbarara. Kwa macho ya sheria hiyo ujira wake haukutoka Marekani, ijapokuwa mwanafunzi na kampuni wako huko, wala haupaswi kukatwa kodi ya zuio ya Marekani. Mrabaha ni kitu kingine. Ni fedha ya haki ya kutumia kitu kilichokwisha kutungwa, kama kitabu au rekodi, na chimbuko lake ni mahali haki hiyo inapotumiwa. Kitabu cha mwalimu yule yule wa Mbarara kikinunuliwa Chicago, mrabaha wake umetoka Marekani, na asipokuwa na kinga ya mkataba hukatwa asilimia 30 kabla fedha haijavuka bahari.

Sasa mchukue mwalimu mwenye mapato ya namna zote mbili. Akikubali yote yaitwe mrabaha, kwa kuwa hajui tofauti au kwa kuwa kijana wa mjini ameona ni neno la kwanza katika orodha, ameitia katika kukatwa fedha ambayo haikupaswa kuguswa. Je, kosa hilo ni la uhasibu? Ni kosa la maana ya neno. Na neno lenyewe tunalo: mrabaha limo katika kamusi zetu, na waandishi wa vitabu hulikuta katika mikataba yao na wachapishaji. Ni nani miongoni mwetu aliyelifundisha darasani? Tunawafundisha wanafunzi majina ya viungo vya nahau na aina za tungo, lakini mwanafunzi anamaliza shule bila kujua jina la fedha atakayolipwa kwa kazi ya akili yake.

Wapo wanaosema kwamba dawa ni kuliacha dirisha lile wazi, lisijazwe kabisa, kwa hoja kwamba asiyejiandikisha hatozwi. Hoja hii ni ya hatari. Tangu mwaka 2021, Google inawataka watayarishaji wote wa YouTube wanaolipwa, popote waishipo duniani, watoe taarifa zao za kodi. Asiyezitoa anaweza kukatwa hadi asilimia 24 ya mapato yake yote ya dunia nzima. Aliyezitoa, na nchi yake haina mkataba, hukatwa asilimia 30, lakini ya sehemu ile tu iliyotokana na watazamaji walioko Marekani. Tupige hesabu. Mwalimu ana dola 200, na kati ya hizo dola 40 zimetokana na watazamaji wa Marekani. Akijaza fomu atakatwa dola 12. Asipojaza anaweza kukatwa dola 48. Kimya chake kimemgharimu mara nne, naye bado anajisifu kwamba amewakwepa.

Fomu yenyewe, kwa mtu binafsi asiye raia wala mkaazi wa Marekani, huitwa W-8BEN. Haina maajabu. Inauliza jina, nchi ya uraia, anwani ya makazi ya kudumu, nambari ya mlipakodi, tarehe ya kuzaliwa, na madai ya mkataba kama yapo, kisha sahihi. Lakini kila mstari wake una mtego wa lugha, na mitego hiyo haimnasi mtu wa London kama inavyomnasa mtu wa Masaka.

Chukua anwani. Sisi ni watu wa sanduku la posta. Barua ya shule, ya kanisa, ya msikiti na ya wilaya zote huanza kwa S.L.P., na mwalimu huandika hivyo hivyo kwa moyo mweupe. Fomu imekataza sanduku la posta katika mstari wa makazi. Wenzetu wengi hukwama hapo, wakaamua kwamba Mwafrika hatakiwi, wakatunga jina la mtaa usiokuwepo. Hawajui kwamba maelezo ya fomu hiyo yanamruhusu mtu anayeishi katika nchi isiyotumia majina ya mitaa aeleze kwa maneno mahali anapoishi: kijiji, parokia, kata, wilaya, na alama iliyo karibu. Yaani wanaruhusu kitu ambacho Waswahili ndio mabingwa wake, kumwelekeza mgeni nyumbani! Maelezo hayo yapo kwa Kiingereza. Mwalimu wa Bukavu aliyesoma kwa Kifaransa na kufundisha kwa Kiswahili atayapata wapi?

Chukua pia tofauti ya raia na mkaazi. Mwalimu Mkongo aliyehamia Kampala miaka kumi iliyopita ni raia wa Kongo, na kwa kodi ni mkaazi wa Uganda. Fomu inamtaka ataje uraia mahali pamoja na makazi mahali pengine. Katika Kiswahili cha barabarani maneno haya mawili yamelegea. Gazeti huandika raia likiwa na maana ya watu wa mahali fulani, hata wageni. Ulegevu huo katika gazeti haumdhuru mtu. Katika fomu, anayetia sahihi anaapa, na uongo ndani yake unaadhibiwa kama kiapo cha uongo.

Na kodi je? Kwa Mswahili kodi ni fedha ya serikali, na kodi ni fedha ya mwenye nyumba. Jirani zetu wa Tanzania wana Mamlaka ya Mapato, na wa Kenya wana Mamlaka ya Ushuru, ilhali kwa Mtanzania ushuru hukumbusha zaidi forodha na soko. Hapo mwanafunzi mgeni huchanganyikiwa, na mwalimu naye.

Juu ya majina sitasema mengi, maana kila mmoja wetu ana kisa chake. Jukwaa linataka jina la kwanza na la ukoo. Mtu wa pwani amebeba jina la baba na la babu. Mrundi na Mnyarwanda hawarithi lazima jina la ukoo wa baba. Mganda ana jina la dini na jina la ukoo ambalo mara linatangulia, mara linafuata. Kitambulisho kimeandika hivi, benki vile. Fedha ikifika benki na jina halilingani, hurudishwa, na ada ya kuipeleka haikurudi. Kanuni ni moja: liandikwe jina lile lile lililoko benki na katika kitambulisho, hata kama mpangilio wake unatuchukiza.

Nije sasa kwenye jambo linalonikera kuliko yote, yaani kuazima jina. Mwalimu ana mpwa wake Marekani. Akaunti inafunguliwa kwa jina la mpwa, fedha inaingia kwa mpwa, kisha mpwa anamtumia mjomba kilichobaki. Watu wazima wenye heshima zao huutetea mpango huu kwa jina la undugu. Mpwa huyo, akiwa mkaazi wa Marekani, hujaza fomu nyingine kabisa, na mapato yale huhesabiwa kuwa yake. Atatozwa kodi yake kwa kazi ambayo hakuifanya. Mjomba naye hana karatasi hata moja yenye jina lake. Wakigombana, au mpwa akifa, masomo mia moja aliyoyarekodi mwalimu kwa sauti yake mwenyewe ni mali ya nani? Tumelalamika miaka mingi kwamba wageni walizikusanya ngano na mashairi yetu wakayachapisha kwa majina yao. Leo tunawapa wengine majina yetu kwa hiari, kwa sababu ya kuogopa ukurasa mmoja.

Najua jibu litakalotolewa na wazee wa chama, na ninaliheshimu. Watasema kwamba lugha ni amana, ualimu ni wito, na kwamba gazeti la utamaduni lisichafuliwe kwa habari za dola. Lakini amana haimkatazi mlinzi wake kula. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda kikatiba tangu mwaka 2005, na mwaka 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa siku yake duniani. Tumepiga ngoma kila mwaka tangu hapo. Katika sherehe hizo husemwa kwamba Kiswahili ni bidhaa. Basi bidhaa ina muuzaji, na muuzaji ana hesabu. Serikali zimekwisha kulielewa hilo kabla yetu: Kenya iliweka mwaka 2023 kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa malipo ya watayarishaji wa maudhui ya kidijitali, na Tanzania ikafuata mwaka 2024 kwa kiwango hicho hicho. Uganda ilijaribu njia ya mkato mwaka 2018 kwa kumtoza kila mtumiaji wa mitandao ya kijamii shilingi 200 kwa siku, ikaiacha mwaka 2021. Mtoza kodi anajua jina la kazi yetu. Ni sisi tusiolijua.

Wala lawama isiwe ya walimu peke yao. Afrika nzima, nchi zilizo na mkataba wa kodi ya mapato na Marekani ni nne: Misri, Moroko, Tunisia na Afrika Kusini. Matokeo yake ni kichekesho. Mwalimu wa Kiswahili mkaazi wa Johannesburg akiuza kitabu chake Marekani anaweza kudai kinga ya mkataba, asikatwe chochote katika mrabaha. Mwalimu wa Kampala, Kigali, Bujumbura au Lubumbashi, na hata wa Dar es Salaam na Mombasa, anakatwa asilimia 30 kwa kitabu kile kile. Uganda ina mikataba ya namna hii na Uingereza, India, Mauritius na nchi nyingine kadhaa, kwa hiyo si ufundi usiojulikana katika wizara zetu. Vyama vya walimu havijawahi kupeleka ombi, na asiyeomba hapewi. Wakati tukingoja, aliyekatwa adai cheti cha mwaka kiitwacho 1042-S na akihifadhi, kwani sheria ya Uganda inamtambulia mkaazi kodi aliyolipa nje wakati wa kuhesabu kodi ya nyumbani. Bila cheti hana ushahidi, atatozwa mara mbili.

Ninachokidai kwa chama chetu si kikubwa. Warsha yetu hutenga siku nzima kwa ngeli, na sina ugomvi na ngeli. Itengwe siku moja kwa fomu hii: ifasiriwe mstari kwa mstari katika Kiswahili sanifu, istilahi zikubaliwe na wenzetu wa Tanzania na Kenya kupitia Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iliyoko Zanzibar, na tafsiri igawiwe bure katika vyuo vya ualimu. Mrabaha ubaki mrabaha, ujira ubaki ujira, na kodi ya zuio isiitwe makato, maana makato ni hata yale ya chama cha kuweka na kukopa.

Jambo hili lisingoje mkutano mkuu. Kwa kawaida fomu W-8BEN hudumu hadi siku ya mwisho ya mwaka wa tatu baada ya ule iliotiwa sahihi. Waliotia sahihi mwaka 2023, fomu zao zinakoma tarehe 31 Desemba 2026, nao watatakiwa kuzijaza upya.