Kabla ya Addis Ababa, Tuonyesheni Orodha

Mheshimiwa Waziri wa Nchi, Ofisi ya Makamu wa Rais (Muungano na Mazingira),

Kwa orodha ya awali ya mkutano wa tabianchi wa Dubai, mwaka 2023, ujumbe wa Tanzania ulikuwa na watu 763. Kenya iliandikisha 765, Uganda 606, Nigeria 1,411. Namba hizo zilizua maneno mengi, na mengi yaliishia kwenye tiketi na posho. Sisi wa Chiungutwa, Masasi, tuna swali jingine: kati ya hao 763, ni wangapi walioingia vyumba vya majadiliano, na waliingia kutetea nini?

Najua jibu la kwanza litakalotolewa, kwamba Serikali haikuwalipia wote. Ni kweli, beji ya nchi hupewa pia wafanyabiashara, asasi, watafiti na wanahabari, na wengi wao hujigharamia. Lakini beji hiyo ina jina la Tanzania, na orodha ya Umoja wa Mataifa hutaja mtu na taasisi yake bila kusema nani kamlipia. Wananchi wakikisia, kosa si lao. Jibu la pili ni zito zaidi: majadiliano huendeshwa katika vyumba vingi kwa wakati mmoja, na nchi yenye wajumbe watano haiwezi kuvifikia vyote. Hilo nalikubali. Ila dawa yake inajulikana, nayo ni kugawana kazi. Visiwa vidogo, ambavyo vingine idadi ya watu wake haifiki ya wilaya yetu, vilishikamana hadi kikomo cha ongezeko la joto cha nyuzi 1.5 kikaandikwa katika Mkataba wa Paris wa 2015. Afrika nayo ina kundi lake la wajumbe wa majadiliano, na mwaka 2025 uenyekiti wake ulishikwa na Mtanzania, Dkt. Richard Muyungi. Sauti ya namna hiyo hujengwa na watu walewale wanaorudi kila mwaka, wanaokumbuka aya ipi ilifutwa mwaka juzi na kwa shinikizo la nani.

Huku kwetu mabadiliko ya tabianchi yanagusa korosho na maji. Mvua ikinyesha wakati mikorosho imetoa maua, maua hupukutika. Unyevu na ubaridi vikizidi, ubwiriunga huingia na mkulima hurudia kupulizia salfa ambayo hakuipangia bajeti. Juu ya uwanda wa Makonde maji hupotelea ardhini, ndiyo maana Newala imetegemea kwa miaka mingi maji yanayosukumwa kutoka bondeni. Mfuko wa hasara na uharibifu, wa kuzisaidia nchi zinazoumizwa na mabadiliko ya tabianchi, uliidhinishwa kuanza kazi Dubai siku ya kwanza ya mkutano, lakini fedha za aina hiyo haziji kwa kuhesabu vichwa vya wajumbe. Zinahitaji ushahidi: mvua ilinyesha lini, maua yalipotea kiasi gani, kaya ipi ilikosa nini. Mtafiti mmoja wa korosho kutoka kituo cha Naliendele, akiwa na takwimu zake na akakaa karibu na mjumbe anayejadili kifungu husika, anatufaa kuliko beji mia za watu wanaozunguka mabanda ya maonyesho. Simaanishi kwamba maonyesho hayana kazi, kwani hapohapo Dubai Rais Samia alizindua programu ya nishati safi ya kupikia kwa wanawake wa Afrika. Lakini kazi hiyo ihesabiwe peke yake.

Mwaka 2027 mkutano wa tabianchi utakuwa Addis Ababa. Ni karibu, nauli ni nafuu, na kishawishi cha kujaza ndege kitakuwa kikubwa. Tunaomba mwezi mmoja kabla ya safari Ofisi yako itoe orodha kwa Kiswahili: jina, taasisi, anayelipa, na kifungu ambacho mtu huyo anakwenda kukifuatilia. Asiye na kifungu aandikwe kuwa mshiriki wa maonyesho. Wakirudi, taarifa ya kila kifungu ifike halmashauri za Masasi na Newala, na isomwe kwenye mikutano ya vyama vya msingi vya ushirika (AMCOS) kabla ya minada ya korosho ya msimu unaofuata kuanza.